Saa 48 za Kutengeneza Gemu: Kwa Nini Kazi Kubwa ni Kukata

Mtu akisikia kwamba vijana wanne wamejifungia chumbani Sinza tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili jioni wakitengeneza mchezo wa video, huuliza inawezekanaje gemu kukamilika kwa siku mbili ilhali gemu zinazouzwa madukani huchukua miaka na mamia ya watu. Swali hilo ni la haki, ila ndani yake mna dhana kwamba ugumu wa kazi hii ni kuandika programu kwa haraka. Nimeshiriki shughuli za namna hii mara kadhaa, mara nyingine tukamaliza na mara nyingine tukaumbuka, na kwa ninavyoona mimi haraka ya vidole ina mchango mdogo sana. Kinachoamua ni vitu vingapi timu imekubali kuvikata mapema, na sababu yake ni ya kihesabu kabisa.

Shughuli yenyewe huitwa jamu ya gemu. Neno hilo limetoka kwa wanamuziki wanaokutana na kupiga bila kufanya mazoezi pamoja, kila mmoja akidaka anachopiga mwenzake, na halihusiani na jamu ya kupaka mkate. Machi 2002 huko California, Chris Hecker na Sean Barrett waliwakusanya watengenezaji wachache wa gemu, wakawapa injini moja, yaani programu ya msingi ya kujengea gemu, yenye uwezo wa kuonyesha viumbe 100,000 kwenye skrini kwa wakati mmoja, kisha wakawaacha wabuni watakacho kwa siku chache. Mwezi uliofuata ilianza Ludum Dare, ambayo hufanyika kupitia intaneti, na Januari 2009 ikafanyika kwa mara ya kwanza Global Game Jam, inayowakutanisha watu wa nchi nyingi kwa wakati mmoja, kila kundi likiwa katika mji wake. Kanuni hutofautiana. Katika Ludum Dare anayeshindana peke yake alipewa saa 48 na kutakiwa kutengeneza kila kitu mwenyewe, hadi picha na muziki, huku timu zikipewa saa 72. Global Game Jam yenyewe si mashindano. Jambo moja hufanana karibu kila mahali: mada hufichwa hadi dakika ya kuanza, ili mtu asije na gemu iliyokwisha kupikwa nyumbani.

Mada inaweza kuwa neno, picha au hata sauti. Mwaka 2013 Global Game Jam ilitoa sauti ya mapigo ya moyo, bila neno lolote. Watu wanne wa kampuni ya Bossa Studios ya London wakatengeneza kwa saa 48 gemu ya upasuaji wa kubadilisha moyo, iliyokuja kuitwa Surgeon Simulator, ambamo mchezaji anaongoza mkono mmoja tu na kila kidole kina kitufe chake. Mtu anayeitazama leo hucheka jinsi mkono ule unavyoparaza vyombo na kuangusha saa ndani ya kifua cha mgonjwa, lakini mimi huangalia kisichokuwamo: hakuna hospitali ya kutembea ndani yake, hakuna wauguzi wa kuzungumza nao, hakuna mkono wa pili. Kuna mkono, vyombo na kifua kilichofunguliwa.

Nichukue sasa mfano wa timu yetu, katika jamu ndogo tuliyoiandaa na wenzetu wa hapahapa Dar es Salaam, iliyoanza Ijumaa saa kumi na moja jioni. Mada ilikuwa "kumbukumbu". Ndani ya nusu saa tulikubaliana kwamba mchezaji awe konda wa daladala, kwa kuwa konda hubeba kichwani, bila karatasi wala kalamu, nani amelipa, nani ametoa noti kubwa na anasubiri chenji, na nani alisema atashuka Bamaga. Wazo lilikuwa zuri, na wazo zuri ndilo lenye hatari, maana kila mtu hutaka kulipamba. Ilipofika saa tatu usiku ubao ulikuwa na vitu vinane: abiria, viti, nauli, vituo, mvua, foleni, askari wa usalama barabarani na mpigadebe. Kila kimoja kilionekana kuwa kazi ya saa mbili au tatu, kwa hiyo kwa kujumlisha tungemaliza Jumamosi usiku na kubakiwa na muda wa kulala.

Kujumlisha huko ndiko kunakodanganya. Vitu vya ndani ya gemu havikai kila kimoja kivyake kama mafungu ya mchicha gengeni. Kila kimoja lazima kijue la kufanya kinapokutana na kingine. Vitu vinne vina jozi 6 za kukutana, vitano vina jozi 10, na vinane vina jozi 28, kwani idadi ya jozi hupatikana kwa kuzidisha idadi ya vitu kwa idadi hiyohiyo ukiwa umetoa moja, halafu kugawa kwa mbili. Tazama mvua peke yake. Mvua ikinyesha, abiria wa dirishani watafunga vioo au watahama viti? Kituoni watu wataongezeka? Foleni itarefuka? Mpigadebe ataendelea kuita au atajibanza kibandani? Kila kituo kilichochorwa kikiwa kikavu kitahitaji picha ya pili kikiwa kimelowa, na sauti ya mvua itaimeza sauti ya abiria anayesema "shusha", ambayo mchezaji lazima aisikie. Aliyeandika "mvua" ubaoni alidhani ameongeza kitu kimoja, kumbe alikuwa ameandika maswali saba, na kila swali linaweza kuzaa hitilafu yake.

Si lazima kila jozi ijibiwe kwa kazi kubwa. Nyingine hujibiwa kwa sentensi moja: mvua haimhusu askari. Hata hivyo mtu lazima aiwaze, aamue na aijaribu, na saa ya jamu huliwa zaidi na kuamua na kujaribu kuliko kuandika.

Saa tano usiku tulifuta nusu ya ubao. Vilibaki abiria, viti, nauli na vituo, na safari iliyopaswa kutoka Mwenge hadi Posta ikaishia Morocco, ikiwa na vituo vinne: Mwenge, Bamaga, Makumbusho na Morocco. Foleni ndiyo iliyoleta ugomvi. Mchoraji wetu alikwisha kuchora bajaji tatu na lori la mchanga, na alituuliza, kwa haki kabisa, ni nani aliyewahi kuiona Dar es Salaam isiyo na foleni. Tulichomjibu ndicho kipimo ninachokitumia hadi leo: mchezaji anafanya nini kila baada ya sekunde tano? Katika gemu yetu alikuwa anatazama viti, anapokea nauli na kukumbuka aliyelipa. Foleni haikubadilisha lolote katika hayo. Ilikuwa ya kutazamwa tu. Bajaji zikaenda kwenye folda iliyoitwa "baadaye", ambayo kila aliyewahi kushiriki jamu anajua kwamba ni makaburi.

Hesabu hiyohiyo ya jozi inawahusu pia watu. Wanne wana njia 6 za kuelewana au kutoelewana, na wanane wana 28. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo mkubwa wa programu katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, na mojawapo ya sababu alizozitoa ni hii ya njia za mawasiliano. Ndiyo maana timu za jamu nyingi huwa za watu watatu hadi watano. Kwetu mmoja aliandika mantiki ya gemu, mwingine vitufe na skrini za menyu, wa tatu akachora, na mimi nikashika sauti, majaribio na chakula, kazi ambayo wenzangu huidharau hadi saa saba mchana inapofika na wali haujaja.

Usiku ule wa Ijumaa hakuna aliyechora abiria. Abiria walikuwa miraba ya rangi, na daladala ilikuwa mstatili wenye miraba kumi na minne ya kijivu. Hatua hii huwashangaza wageni, kwani hudhani gemu huanza na picha. Gemu huanza na kitendo, na miraba ikishindwa kukifanya kitendo hicho kiwe na mvuto, mchoro mzuri utaficha tatizo hadi Jumapili asubuhi. Mwaka 2017 Mfini Arvi Teikari alitengeneza kwenye Nordic Game Jam gemu iitwayo Baba Is You, ambamo kanuni za mchezo zimeandikwa kwa maneno yaliyotawanyika uwanjani, na mchezaji akiyasukuma maneno hayo kanuni zenyewe zinabadilika. Vinyago vyake vilichorwa kwa mistari michache tu. Ilishinda kwenye jamu hiyo, na gemu kamili ikatoka 2019.

Jumamosi asubuhi tulipata bahati ambayo hatukuistahili. Katika nyumba ile ya kupanga anaishi konda wa kweli, ambaye siku hiyo gari lake lilikuwa gereji, na tukamwomba ajaribu miraba yetu. Sheria ya kujaribisha gemu ni kwamba mtengenezaji hukaa kimya. Asielekeze, asijitetee, asiguse kipanya, kwa kuwa yeye mwenyewe hatakuwapo wakati mtu mwingine atakapokuwa anaicheza nyumbani kwake. Tulimwamkia, tukampa kiti, tukanyamaza. Tulikuwa tumeijenga gemu ili mchezaji akariri rangi za abiria, yaani sura zao za baadaye. Ndani ya dakika moja alikuwa ameshindwa, akasukuma laptopu kando na kusema, "Mdogo wangu, mimi sura za watu sizishiki. Nashika viti. Wa dirishani nyuma ya suka kalipa, basi. Akihama kiti ndiyo ananipoteza."

Sentensi hizo chache zilitupa gemu. Tuliondoa kukariri sura, tukaacha kukariri viti, na ugumu ukatokana na abiria anayehama: mama anayesogea kumpisha mzee, mwanafunzi anayesimama akakaa mbele. Hapa pana jambo linalopitwa na wengi. Hatukuongeza kitu cha tano. Tuliingia ndani zaidi ya jozi tuliyokuwa tumekwisha kuilipia, ya abiria na viti, na jozi hiyo moja ikazaa utamu kuliko mvua, foleni na askari kwa pamoja. Kukata, kwa hiyo, kuna faida zaidi ya kuokoa muda: vitu vinapobaki vichache ndipo mtu anapopata nafasi ya kuvitazama vinavyokutana.

Zipo jozi ambazo haziandikwi ubaoni, na ya kwanza kati ya hizo ni gemu na mashine inayoiendesha. Gemu si filamu. Kompyuta huichora upya mara nyingi kwa sekunde, na kila mchoro huitwa fremu. Katika kila fremu programu husoma vitufe vilivyobonyezwa, hukokotoa kilichobadilika, kisha huchora. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kazi hiyo yote ina takriban milisekunde 16.7. Mwandishi wetu wa mantiki aliandika kwamba daladala isogee pikseli 4, yaani nukta nne za skrini, kila fremu, na kwenye kompyuta yake yenye nguvu ilikwenda pikseli 240 kwa sekunde, mwendo mzuri kabisa. Kwenye laptopu ya mchoraji, ambayo ni mkongwe na ilifikisha fremu 30 tu, gari lilikwenda pikseli 120, na kituo cha Bamaga kikawa mbali kama Bagamoyo. Dawa yake ni ya siku nyingi: usiandike umbali kwa fremu, andika mwendo kwa sekunde, kisha zidisha kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Pikseli 240 mara 1/60 ya sekunde ni 4, na mara 1/30 ni 8, kwa hiyo mashine ya pole inapiga hatua chache lakini ndefu na magari yote mawili yanafika pamoja. Injini za gemu hukupa muda huo tayari. Kinachotakiwa ni kukumbuka kuutumia, na saa nane usiku kumbukumbu ni bidhaa adimu.

Injini tuliyoitumia ni Godot, iliyoanzishwa na Waargentina Juan Linietsky na Ariel Manzur na kufunguliwa kwa umma mwaka 2014. Haina ada, na faili lake la kupakua halifiki hata robo ya GB, jambo ambalo kwa mtu anayenunua bando lina uzito kuliko sifa nyingine nyingi. Injini nyingine, kama Unity na Unreal, zina uwezo mkubwa, lakini nisingemshauri mtu kuanza kuzipakua Ijumaa saa kumi na mbili jioni.

Kuhusu umeme na intaneti sitakaa sana. Luku iliisha Jumamosi saa nane usiku kwa uzembe wetu wenyewe, na laptopu moja iliamua kujisasisha na kumeza bando la siku nzima kabla hatujagundua. Anayepanga jamu Dar es Salaam anunue uniti Alhamisi, azime masasisho, na apakue kila kitu mapema.

Kinachostahili maelezo zaidi ni namna watu wanne wanavyoandika ndani ya kazi moja bila kufutiana. Hutumika Git, programu iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo huhifadhi historia ya kila badiliko na kuunganisha kazi za watu mbalimbali. Kama wewe umebadilisha faili moja na mimi nyingine, inaunganisha bila shida. Tukibadilisha mistari ileile ya faili lilelile, inasimama na kututaka tuamue la nani libaki, na hali hiyo huitwa mgongano. Migongano mingi ya jamu hutokea kwa sababu kila mtu anafanya kazi ndani ya faili moja kubwa lenye daladala, abiria, menyu na sauti. Tuliipunguza kwa kumpa kila mtu faili lake: abiria ana lake, kiti kina lake, menyu ina lake, na faili kuu linaviita tu. Ni jozi zilezile tena, safari hii zikipunguzwa kwa kuweka kuta.

Sauti huachwa hadi mwisho, na nadhani ni kosa, kwa sababu sauti ndiyo inayomwambia mchezaji kwamba tendo lake limepokelewa. Kuna zana ndogo iitwayo sfxr, iliyotengenezwa na Msweden anayejulikana kama DrPetter kwa ajili ya washiriki wa Ludum Dare mwaka 2007, ambayo kwa kubonyeza kitufe hubuni milio ya kuruka, kuokota na kulipuka. Kwetu milio hiyo ilisikika kama gemu ya mahali pengine. Nikajifunika blanketi, nikarekodi kwa simu sarafu zikichezeshwa kiganjani, kama konda anavyozichezesha kuwakumbusha waliojisahaulisha, halafu nikarekodi kiganja kikigonga bati la mlango. Katika rekodi mojawapo adhana ya alasiri inasikika kwa mbali. Tuliiacha.

Rekodi hizo zilileta tatizo la uzito. Dakika moja ya sauti isiyobanwa, yenye njia mbili (kushoto na kulia) na sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde za baiti mbili kila moja, ni karibu MB 10.6, ikibanwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde inakuwa chini ya MB 1. Mtu anayecheza kupitia kivinjari anaipakua gemu yote kabla ya kuigusa, na mwenye simu na bando la mia tano hatasubiri MB 40 ili tu asikie bati likigongwa. Tulibana kila kitu, na sikio langu halikuona tofauti.

Jumapili saa tisa alasiri, saa mbili kabla ya mwisho, tuliipandisha gemu itch.io, tovuti iliyofunguliwa na Leaf Corcoran mwaka 2013 ambako jamu nyingi hupokelea kazi. Ikafunguka, na konda hakuwapo. Viti vipo, abiria wapo, nauli inaingia, mikono ya konda haionekani. Kwenye laptopu zote nne alikuwapo. Tulipekua programu kwa dakika arobaini, huku kila mmoja akimshuku mwenzake kimoyomoyo, hadi mchoraji alipoona kwamba picha aliihifadhi kwa jina la "Konda.png" na programu ilikuwa inaita "konda.png". Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili. Gemu ikishafungashwa kwa ajili ya kivinjari, majina hayo mawili huwa ni ya mafaili mawili tofauti. Tangu siku hiyo kila faili letu lina herufi ndogo tupu. Tatizo la pili lilikuwa dogo: vivinjari vya leo huzuia sauti hadi mtumiaji abonyeze kitu, kwa hiyo tuliongeza skrini ya mwanzo yenye maneno "Gonga bodi twende", na bonyezo hilo likafungua sauti. Wengine walituambia baadaye kwamba ndiyo sehemu waliyoipenda kuliko zote.

Tuliwasilisha zikiwa zimebaki dakika kumi na moja. Baada ya hapo washiriki huchezeana gemu na kuandikiana maoni, na hapo ndipo timu inapojua kama wazo lina uhai wa kuendelezwa. Gemu ya Celeste ilianza hivyo, ikiwa jaribio la siku nne la Maddy Thorson na Noel Berry, kisha ikatoka kamili mwaka 2018. Nyingi hubaki zilivyo, na yetu imebaki ilivyo. Waliocheza kutoka nje walisifu abiria wanaohama viti. Waliocheza kutoka Dar es Salaam walisifu sauti ya sarafu, kisha karibu wote wakauliza swali lile la mchoraji: daladala gani hiyo inayotoka Mwenge hadi Morocco jioni bila kukutana na foleni? Bajaji tatu na lori la mchanga bado zimo kwenye folda ya "baadaye".